Kabla Fimbo Haijazunguka

Ukitaka kumpima sensei anayefundisha silaha, fika dojo nusu saa kabla ya darasa. Maonyesho utayaona baadaye, na mengi yatakuhadaa, maana kijana yeyote aliyejifungia na kioo miezi mitatu anaweza kuzungusha nanchaku, zile fimbo mbili fupi zilizoungwa kwa mnyororo, zikapendeza. Wewe mtazame mwalimu silaha zinapotolewa stoo.

Kwenye kendo, mchezo wa upanga wa Wajapani, upanga wa mazoezi huitwa shinai. Ni vipande vinne vya mwanzi vilivyoshikwa pamoja kwa ngozi na kamba. Katika mashindano ya watu wazima hauzidi sentimita 120, na wa mwanamume haupungui gramu 510. Mwanzi ukikauka huchanika, na kibanzi chake ni chembamba kiasi cha kupita katikati ya vyuma vya kinga ya uso hadi jichoni. Ndiyo maana mwalimu anayeijua kazi yake haridhiki na "yangu nzima, sensei". Anaichukua shinai, anaipindua, anapitisha kidole kwenye kila kipande, anabinya penye shaka ili ufa ujioneshe. Anavuta kile kifungo cha ngozi kuona kama kimelegea. Kisha anakagua kofia ndogo ya ngozi iliyo kwenye ncha, kwa sababu ikitoboka, kipande cha mwanzi kinaweza kuchomoza mbele katika pigo la kuchoma kooni. Hakuna atakayerekodi ukaguzi huo kwa simu. Mimi hapo ndipo ninapotoa alama nyingi, na nikiwakuta wanafunzi wanakaguana wenyewe bila kuambiwa, naongeza.

Fimbo ndefu ya Okinawa, bo, kwa kawaida ina urefu wa shaku sita, karibu sentimita 182, na nzuri zake ni za mti mgumu wa jamii ya mwaloni. Kwetu wengi huanza na mpini wa fagio. Siwacheki, kukosa hela si kosa. Kosa ni kuwapanga watu wawili wawili wagonganishe mipini hiyo. Mti wenye kifundo, au ambao nyuzi zake zinakata mshazari badala ya kufuata urefu, hukatika ghafla na kuacha ncha kama ya mkuki. Afadhali bakora za henzirani wanazotumia Wafilipino kwenye eskrima: zikichoka hufumuka nyuzinyuzi, hazirushi vipande. Sensei mwenye fimbo mbovu na akili timamu atafundisha kata tu, yaani mfuatano wa miondoko iliyopangwa, kila mtu peke yake na nafasi yake, hadi fimbo za maana zipatikane.

Neno "mbao" lisikulaze. Wajapani husimulia kwamba mwaka 1612 Miyamoto Musashi alimuua Sasaki Kojiro kwa upanga wa mbao. Kwa hiyo nikiona watoto wanakimbizana na bokken, yaani upanga kama huo wa mbao, huku mwalimu anaongea na simu, sihitaji kusubiri darasa lianze. Na anayempa mgeni upanga wenye makali apige nao picha, kwake nafunga daftari. Katika iaido, sanaa ya kuchomoa upanga, mwanafunzi hupewa kwanza wa mbao au usionolewa, kwa sababu kidole gumba cha kushoto hukaa jirani kabisa na mdomo wa ala, na mazoea mabaya hulipwa kwa damu.

Kipimo kigumu zaidi ni mtu anayekataliwa. Nilikuwapo kijana mmoja alipokuja kuomba afundishwe nanchaku.

"Utaziweka wapi ukirudi nyumbani, mdogo wangu?"

"Kwenye begi tu, sensei. Pale stendi kuna watu wananisumbua."

Sensei akamwambia silaha zote hulala stoo na ufunguo anao yeye; karate ya mikono mitupu angeianza jioni ileile. Kijana hakurudi, na ada yake haikurudi. Wapo wanaosema mwalimu ni wa kufundisha tu, mtaani kila mtu abebe mzigo wake. Hao nawakumbusha New York: baada ya filamu za kung fu kuzijaza nanchaku mikononi mwa vijana, walizipiga marufuku mwaka 1974, na marufuku ile ilidumu hadi mahakama ilipoitengua mwaka 2018. Waliozitumia kwa adabu walikatazwa pamoja na wahuni.

Jioni ile aliyokuja kijana, darasa lilikuwa la sai, zile za chuma zenye meno matatu. Zilitoka kumi na mbili. Zilipohesabiwa kurudi sandukuni zikawa kumi na moja. Sensei hakugomba, alifunga mlango, akaketi sakafuni, na wote tukaketi, wengine wakiangalia saa kwa sababu ya daladala. Baada ya dakika ishirini ikaonekana nyuma ya ndoo ya maji. Akaipangusa, akaihesabu, akafungua mlango.