Mali ya Umma, au Mali ya Mwenye Mashine?

Maneno "mali ya umma" yana historia nzito katika nchi yetu. Azimio la Arusha lilipotangazwa mwaka 1967, wakulima na wafanyakazi waliyaelewa bila kufungua kamusi. Mali ikiwa ya umma ina msimamizi, ina hesabu, na mwananchi anayo haki ya kuuliza inatumikaje na inamfaidia nani. Leo maneno hayo hayo yanasikika katika mambo ya hakimiliki ya muziki. Tunaambiwa kwamba muda wa ulinzi wa rekodi ukiisha, rekodi hiyo "inakuwa mali ya umma", na kwamba huo ni ushindi wa wanyonge. Katika makala haya tunakusudia kulichambua dai hilo, na tutalipima kwa muziki wa wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, mahali ambapo udhaifu wake unaonekana waziwazi.

Sheria Inasema Nini

Kwanza hatuna budi kutenganisha vitu viwili ambavyo mara nyingi huchanganywa: wimbo wenyewe na rekodi ya wimbo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Rekodi ina hesabu yake nyingine, nayo pia ni ya miaka 50. Lakini wimbo wa jadi hauna mtunzi anayejulikana, na asiyejulikana hana tarehe ya kufa. Kwa sababu hiyo sheria hiyo hiyo ina sehemu inayohusu sanaa za jadi: anayetaka kuzitumia kibiashara, nje ya mazingira yake ya asili, anatakiwa kupata idhini ya Baraza la Sanaa la Taifa.

Pili, muda wenyewe si jambo la maumbile kama masika na kiangazi. Ni uamuzi wa watu, na kila dola inaamua kwa kuangalia maslahi ya wenye nguvu ndani yake. Tuchukue santuri moja ya mwaka 1952. Afrika ya Kusini, ambako ulinzi wa santuri ni miaka 50 tangu ilipotolewa, muda wake ulikwisha mwishoni mwa mwaka 2002. Marekani, kwa sheria iliyopitishwa mwaka 2018, santuri zilizotolewa kati ya mwaka 1947 na 1956 zimepewa miaka 110, yaani santuri hiyo hiyo itafungwa hadi mwisho wa mwaka 2062. Sauti ni ile ile, na mwimbaji ni yule yule. Ng'ambo moja ya bahari ni huru, ng'ambo ya pili imefungwa. Anayesema kwamba muda ukiisha haki imetendeka, na atuambie kwanza anazungumzia muda wa nani.

Mwenye Mashine Ndiye Mwenye Sauti

Mwaka 1906 mtaalamu Mjerumani Karl Weule alipita Lindi, Masasi na Newala akiwa na mashine ya kunasa sauti kwenye mitungi ya nta. Huko Berlin hifadhi ya sauti ilikuwa imekwisha kuanzishwa tangu mwaka 1900, na sauti za watu wa makoloni zilikusanywa humo kwa maelfu. Nta ya mwaka 1906 imepita miaka 100, na hakuna hakimiliki inayoweza kuifunga tena. Hata hivyo, kwisha kwa muda hakukuipandisha nta hiyo melini kuirudisha Lindi. Sheria ilifungua mlango wa chumba, lakini chumba chenyewe kiko mbali na mwenye sauti, na nauli hana.

Baada ya Wajerumani ikaja zamu ya Waingereza na makampuni ya santuri. Mwaka 1950 Hugh Tracey alizunguka Afrika Mashariki, Tanganyika na Kenya zikiwemo, akirekodi muziki wa jadi. Kazi yake ilipata msaada wa kampuni ya santuri ya Gallo ya Johannesburg, na mwaka 1954 akaanzisha Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Kiafrika huko Roodepoort. Hatutaki kumtukana marehemu. Alikuwa na bidii kubwa, na bila yeye sauti nyingi zingezikwa pamoja na wenyewe. Lakini uhakiki wa kweli hautazami nia ya mtu peke yake, unatazama pia mahusiano yaliyomzunguka. Upande mmoja wa santuri za enzi ile ulibeba kama dakika 3 tu. Wimbo wa kusifu ukoo, unaoweza kuendelea mpaka majogoo, ulikatwa ukalingana na sahani. Uamuzi wa kipi kihifadhiwe, kipi kikatwe na kipi kiuzwe ulikuwa mikononi mwa mwenye mashine. Ndiyo maana tunasema kwamba rekodi haiwezi kuitwa wimbo. Ni picha ya wimbo, iliyopigwa kutoka upande mmoja.

Tazama yaliyotokea kwa Wakipsigis, ng'ambo ya mpaka. Huko Kapkatet, mwaka 1950, Tracey alirekodi wimbo wa wasichana uitwao "Chemirocha". Jina hilo lilitokana na Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani ambaye santuri zake zilikuwa zimefika vijijini. Wimbo ukapata sifa duniani, lakini nakala yake ilirudishwa Kapkatet baada ya zaidi ya miaka 60, kwa ushirikiano wa maktaba ile, ambayo sasa iko chini ya Chuo Kikuu cha Rhodes, na wanamuziki wa Kenya. Huko wakamkuta mmoja wa waimbaji wa wakati ule angali hai. Basi tuelewane: kwisha kwa muda hakukuwarudishia Wakipsigis sauti yao. Waliowarudishia ni watu walioamua kufunga safari na kuitafuta nyumba ya mwimbaji.

Wala tusiitupe sheria. Solomon Linda alirekodi wimbo "Mbube" mwaka 1939 huko Johannesburg, akauza haki zake kwa shilingi 10, akafa maskini mwaka 1962 wakati wimbo wake ukiwatajirisha wengine. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1911, iliyoenezwa katika makoloni, ilikuwa na kifungu cha kurudisha haki kwa warithi miaka 25 baada ya kifo cha mtunzi. Kwa kifungu hicho warithi walifungua kesi mwaka 2004, na mwaka 2006 wakafikia mapatano na kulipwa. Sheria ya mkoloni yenyewe ilitumika kama silaha ya mnyonge, lakini ilihitaji mtu wa kuishika.

Ritungu la Tarime

Tuje sasa Mara. Wakurya wana ritungu, ala ya nyuzi 8, ambayo mpigaji wake ni mwanahistoria, mshauri na mkosoaji wa jamii kwa wakati mmoja. Dunia inalijua jina la Serengeti kwa ajili ya wanyama. Filamu ya Bernhard Grzimek ya mwaka 1959 ililitangaza kila mahali. Lakini ni wangapi kati ya wanaolitaja jina hilo waliowahi kusikia sauti ya Mkurya, Mngoreme, Mwikoma au Mnata? Basi tufikirie hoteli ya kitalii inayopiga rekodi ya zamani ya ritungu wageni wakila chakula cha jioni. Mwenye hoteli atasema: "Miaka 50 imekwisha, hii ni mali ya umma." Umma upi? Ule ulio mezani, au ule ulio Mugumu na Nyamongo? Akiachiwa aseme hivyo, mali ya umma imegeuka kuwa mali isiyo na mwenyewe, na mali ya namna hiyo humwendea mwenye mtaji.

Wapo wanaopendekeza kwamba haki zikabidhiwe koo. Pendekezo hili lina nia njema, lakini linasahau hali halisi. Wanyabasi na Wairegi wako Tarime na wako Kenya pia. Mpaka wa Sirari umekata ukoo, haukukata wimbo. Kenya ina sheria yake ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa na sanaa za jadi, nasi tunayo yetu ya mwaka 1999. Zaidi ya hayo, Tarime imekwisha kumwaga damu katika mapigano ya koo. Kuugawa wimbo kwa hati ya ukoo ni kuongeza uwanja mwingine wa ugomvi. Ritungu lihifadhiwe kama amana ya wote, na jina la mpigaji, kijiji na ukoo wake liandikwe kama historia bila kugeuzwa kuwa uzio.

Iko pia hoja ngumu zaidi. Si kila kilichorekodiwa kinafaa kupigwa hadharani. Zimo nyimbo za jando zisizokusudiwa masikio ya kila mtu. Zimo zinazosifu wizi wa mifugo, na zimo zinazomsukuma msichana kwenye kisu cha ukeketaji, tendo ambalo kumfanyia msichana wa chini ya miaka 18 ni kosa la jinai tangu sheria ya mwaka 1998. Kuziteketeza ni ujinga, kwa sababu tutapoteza ushahidi wa historia yetu. Kuzipiga redioni kama burudani ni ujinga wa pili. Zihifadhiwe kwa masomo, na wa kwanza kuulizwa wawe wanawake wa Tarime na Serengeti wenyewe. Utamaduni ni uwanja wa mapambano, na ndani yake wamo wanaofaidika na wanaoumia.

Tujikosoe

Ni rahisi kuwalaumu Berlin na Johannesburg. Lakini Redio Tanzania Dar es Salaam ilirekodi ngoma na bendi kwa miaka mingi, wakati ambapo nchi haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Kanda hizo ni hazina, na sumaku ya kanda haijui itikadi: huchakaa ikiwa ni ya beberu au ya mjamaa. Wanamuziki wengi wamezeeka wakisikia sauti zao hewani huku mfukoni hamna kitu. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Tukidai daftari la wengine, tuanze kufungua letu.

Kwa hiyo msimamo wetu ni huu. Kila hifadhi ya nje yenye sauti za Mara itakiwe kutoa nakala kamili pamoja na maandishi yake, bila kungojea muda wowote kwisha. Nakala hizo ziwekwe Tarime na Mugumu, mahali ambapo mwanafunzi na mzee wanaweza kuingia bila barua ya utambulisho. Wazee waketi na vijana wasikilize pamoja, wataje majina, wasahihishe tafsiri, na waongeze beti ambazo sahani ilizikata. Anayetumia kibiashara apitie kwenye idhini ya sheria na alipe, na malipo yaonekane kijijini.

Kazi hii haihitaji kungoja sheria mpya. Kada aliyeko Tarime anaweza kuanza wiki hii kwa daftari na kalamu: wapigaji wa ritungu walio hai ni akina nani, wanakaa wapi, na nani anajifunza kwao. Muda wa hakimiliki huhesabiwa kwa miaka 50. Muda wa mpigaji mwenye umri wa miaka 80 hauwezi kuhesabiwa hivyo.