Kwa Nini Valvu Zilikawia Maabara

Redio ziliposhika transista mwishoni mwa miaka ya 1950, mita nyingi za pH na elektrometa za wakati huohuo ziliendelea kubeba valvu, yaani vichupa vya glasi vilivyotolewa hewa. Ni rahisi kusema kwamba watengenezaji wa vifaa vya maabara walikuwa wazito wa kubadilika, lakini kusema hivyo ni kuwaonea. Valvu ilibaki kwa sababu iliweza kazi iliyoishinda transista ya mwanzo: kusoma volti bila kunyonya umeme wa kitu kinachopimwa.

Ushahidi ulio wazi zaidi ni mita ya pH ambayo Arnold Beckman, mkemia wa Caltech, aliibuni mwaka 1934. Rafiki yake Glen Joseph, mkemia katika ushirika wa wakulima wa matunda wa California, alitaka kupima uchachu wa maji ya malimau yaliyotiwa dioksidi ya salfa. Dawa hiyo ilipausha karatasi ya litmasi na kuharibu elektrodi ya haidrojeni. Elektrodi ya glasi ilistahimili, ila galvanometa haisomi pasipo mkondo, na ili mkondo upite, glasi ilibidi iwe nyembamba kiasi cha kuvunjika ovyo. Glasi nene, kwa upande wake, ina ukinzani mkubwa mno. Tuchukue elektrodi ya ohmu milioni 100. Katika nyuzi 25 za Selsiasi, badiliko la pH 1 huleta takribani milivolti 59. Mita ikivuta sehemu moja tu ya bilioni ya ampea, milivolti 100 hupotelea ndani ya glasi, yaani zaidi ya kile tulichokuja kukipima. Ni sawa na kupima maziwa ya kikombe kwa kuyanywa. Mkondo huo ukipungua mara elfu, kinachopotea ni sehemu ya kumi ya milivolti, na hapo mkemia hana la kulalamikia. Beckman aliipata nafuu hiyo kwa kikuza umeme cha valvu mbili.

Siri iko kwenye gridi, ule wavu ulio kati ya kathodi ya moto inayotoa elektroni na anodi inayozivuta. Gridi ikiwa hasi huzifukuza elektroni, kwa hiyo hudhibiti mkondo mkubwa huku yenyewe ikipokea karibu na sifuri. Karibu, si sifuri kamili, na hapa ndipo ufundi ulipokomaa. Gesi iliyosalia ndani ya kichupa hugongwa na elektroni na kugeuka ioni chanya zinazokimbilia gridi. Joto na mwanga huichomoa gridi elektroni zake. Unyevu na mafuta ya vidole huupa umeme njia juu ya glasi. Wabunifu wa valvu za elektrometa walishughulikia kila mwanya. Anodi ilipewa volti chache, mara nyingi chini ya 10, ili elektroni zikose nguvu ya kuvunja molekuli za gesi. Kathodi ilipashwa moto kidogo tu, waya wa gridi ukatolewa mbali na nyaya nyingine, na valvu ikafungiwa gizani. Gharama yake ilikuwa nguvu ya kukuza, ambayo hatua zilizofuata za saketi ziliweza kuifidia.

Inaweza kudaiwa kwamba Beckman hakuwa wa kwanza, na ni kweli: watafiti kadhaa walikwisha kuunganisha elektrodi na valvu katika miaka ya 1920. Sifa yake ni kuvikusanya vyote katika sanduku moja linalobebeka, lililouzwa kuanzia 1935. Pingamizi zito zaidi ni kwamba valvu hutangatanga: sifuri husogea kadiri kathodi inavyopata joto na kuzeeka. Nalikubali hilo bila kusita. Lakini sifuri iliyosogea hurudishwa kwa kuzungusha kitufe, ilhali volti iliyonyonywa na mita haipatikani tena. Transista ya kawaida haifanyi kazi bila mkondo kuingia kwenye besi yake, na mkondo huo ni mkubwa mara nyingi kuliko elektrodi ya glasi inavyoweza kutoa. Mrithi halali alianza kupatikana katika miaka ya 1960, transista ambayo lango lake limetengwa kwa utando wa oksidi, na ilirithi sharti lilelile la gridi: kudhibiti mkondo bila kuupokea.

Kwa hiyo elektrometa ya zamani ikisoma vibaya, fundi asikimbilie kutupa valvu, kwani kosa laweza kuwa uchafu juu ya glasi. Aanze kwa kusafisha glasi na soketi kwa alkoholi, avikaushe, asiviguse tena kwa vidole, kisha ndipo apime mkondo wa gridi.