Mombasa Imekwenda Wapi? Vuta N'kuvute sebuleni kwa bibi

Swali hilo si langu, ni la bibi. Aliliuliza Jumamosi usiku hapa Mikindani, filamu ya Vuta N'kuvute ikiwa bado haijakolea, na tangu siku hiyo nimeshindwa kuandika kitu kingine. Nilikuwa nimepanga kuwaletea muvi tano nilizotazama mwezi huu, kila moja na maneno yake mawili matatu kama tulivyozoea. Zitakuja mbili tu, tena za kupitia. Hii moja imekula nafasi yote.

Kwanza niseme tulivyoitazama, maana ina uzito katika hukumu yangu. Sebule ya bibi iko mji wa kale, si mbali na Boma la Wajerumani la mwaka 1895 ambalo siku hizi ni hoteli. Kompyuta yangu tuliiunganisha na tivii kwa waya. Waliokaa mkekani: bibi, mama mdogo, majirani wawili, na watoto wasiohesabika waliokuja kwa sababu waliona tivii inawaka. Sahani ya ming'oko ilikuwa inazunguka. Hiyo ndiyo sinema yetu.

Sasa, bibi anamjua Yasmin siku nyingi. Nilipokuwa kidato cha tano riwaya ya Adam Shafi ilikuwa kwenye orodha ya Kiswahili, na likizo nilirudi nayo nyumbani. Bibi anasoma msahafu vizuri kabisa, lakini herufi za kizungu hazisomi. Kila baada ya isha nilikuwa nasoma kwa sauti yeye akisikiliza, akichambua mchele au amelala chali. Mwanzoni nilidhani namfanyia hisani. Baadaye ikawa nikichoka ananigombeza: "Endelea, unamwacha mtoto wa watu njiani?" Mtoto wa watu ni Yasmin. Kwa hiyo tulipoketi Jumamosi hakuwa mtazamaji mgeni. Alikuwa amekuja kumwona ndugu yake.

Kwa ambao hamjaisoma, riwaya ilitoka mwaka 1999, kazi ya Shafi yule yule wa Kuli na Kasri ya Mwinyi Fuad. Iko Unguja ya miaka ya mwisho ya Mwingereza. Yasmin ni binti wa Kihindi wa miaka 15 anayeozwa Bwana Raza, mwanamume wa miaka 52, mwenye duka. Mume anamchukua wanahamia Mombasa. Huko Yasmin anachoka na ndoa ile, anaondoka, anarudi Unguja. Anapobisha hodi kwao, mlango haufunguki: mjomba wake hataki kumwona. Anakwenda Ng'ambo kwa shoga yake Mwajuma, ambaye nyumba yake ni ndogo na moyo wake ni mkubwa. Ni kwa Mwajuma ndipo anapomfahamu Denge, kijana aliyesoma Urusi, anayewasumbua Waingereza na anayewindwa na Inspekta Wright pamoja na Koplo Matata.

Filamu ya Amil Shivji, ya mwaka 2021, inaanza kwingine. Yasmin na Denge wanakutana usiku, msichana akiwa njiani kupelekwa kuolewa. Mapenzi na siasa vinaanza pale pale, katika usiku mmoja, kichochoro kimoja. Hadithi inabaki Unguja. Na hapo ndipo bibi alipoinua kichwa: "Mombasa imekwenda wapi?"

Nikamjibu kama wanavyojibu watu waliosoma. Nikamwambia bibi, filamu ni saa moja na nusu tu, kitabu ni kurasa nyingi, mtu wa filamu lazima apunguze. Nikamwambia pia kwamba kukutanisha wahusika wawili mapema ni ufundi, ukikawia watazamaji watalala. Akanisikiliza. Kisha akasema, "Sikuulizi kwa nini ameipunguza. Nakuuliza imekwenda wapi."

Nimelichukua swali hilo kitandani na kesho yake nikalipeleka ufukweni, na sasa nadhani bibi alikuwa anauliza jambo ambalo wahakiki wengi waliosifu filamu hii hawakuligusa. Katika riwaya, Yasmin anamwacha Raza kabla hajamjua Denge. Hakuna kijana mwenye hotuba aliyemwambia kwamba yeye ni mtumwa. Hakuna karatasi ya siri aliyoisoma. Alikaa ndani ya ndoa ile, akaipima mwenyewe siku baada ya siku, akachoka kwa akili yake mwenyewe, akafunga mzigo. Siasa ilipomfikia ilimkuta tayari ameshatoroka dola moja. Ndiyo maana kwenye kitabu Denge hamfundishi Yasmin uhuru. Kama kuna kitu, anamwongezea msamiati tu.

Ukizikutanisha safari hizo mbili usiku mmoja, mpangilio unageuka. Msichana anatoka kwenye ndoa huku macho yake yameshamwona mwanamume mwingine. Filamu haisemi kwamba Denge ndiye aliyemfungua, Shivji si mjinga kiasi hicho, na namna anavyompa Yasmin muda mrefu wa kutazama bila kusema inaonyesha anataka tumwone akiamua. Lakini mtazamaji wa kawaida, na mimi ni mmoja wao, atasoma sababu na matokeo. Alikutana naye, kisha akaasi. Kumbe Shafi aliandika kinyume: aliasi, kisha akakutana naye.

Tofauti hiyo ni ndogo ukiitaja kwenye mkutano wa fasihi. Sebuleni kwetu haikuwa ndogo.

Maana bibi alianza kusimulia. Majirani hawakuwa wamesoma kitabu, watoto walikuwa wanauliza huyu nani yule nani, na bibi akaamua kuijaza Mombasa iliyokosekana. Filamu inaendelea kwenye kioo, yeye anaeleza juu yake: huyu Raza alikuwa na duka, alimchukua akampeleka ng'ambo ya bahari, mtoto hana mama wa kumlilia wala shoga wa kumsengenyea mume. Mnaokumbuka vibanda vya video mnajua mtindo huu. Marehemu Lufufu, Derek Mukandala, alijijengea jina Dar kwa kuzisimulia muvi za kigeni kwa Kiswahili chake, Titanic ikiwemo, akiongeza chumvi pale alipoona mzungu kasahau kutia. Bibi hajawahi kukanyaga kibanda. Lakini kazi aliyoifanya Jumamosi ni ile ile, isipokuwa alikuwa anasimulia filamu ya Kiswahili kwa Waswahili.

Halafu katikati ya maelezo, sikujua ni wakati gani, Raza akaacha kuwa Raza. Duka likawa shamba la minazi. Meli ikawa ngalawa iliyotoka Msimbati alfajiri, na msichana ndani yake alikuwa na vitenge viwili na kuku mmoja. Mama mdogo akaacha kutafuna. Mimi nimekua nikijua babu ndiye mume wa bibi. Sikujua kwamba alikuwa wa pili. Yule wa kwanza alikuwa na watoto wakubwa kuliko bibi, na bibi alikaa kwake miaka saba. "Hakunipiga," alisema, kana kwamba kuna mtu ameuliza. "Alikuwa mzee tu, na mimi nilikuwa mtoto." Siku moja aliomba ruhusa ya kwenda kumzika shangazi yake, akaenda, hakurudi. Hakukuwa na Denge. Babu alikuja miaka mitatu baadaye.

Ndiyo Mombasa hiyo. Miaka saba ambayo haina tukio la kuigiza: hakuna kipigo, hakuna polisi, hakuna kichochoro chenye mwanga wa buluu. Mkurugenzi yeyote angeikata. Mimi mwenyewe ningeikata. Na mtu aliyeiishi akitazama anabaki akiuliza imekwenda wapi.

Nisiwe mchoyo wa haki. Kama filamu, hii ni kazi ambayo pwani yetu haijapata nyingi mfano wake. Tumezoea muvi za kwetu zenye taa kali ya sebuleni na watu wanaopigiana kelele kwenye makochi. Shivji anaamini giza. Anaacha picha ikae mpaka uione rangi ya ukuta, mpaka usikie kwamba ukimya nao una maana. Mji Mkongwe humu ndani si mji wa watalii. Ni mji wa watu wanaojificha. Kiswahili kinachosemwa ni cha Unguja bila kuomba radhi, na sisi wa kusini ambao kwenye tivii tunasikia Kidar asubuhi na jioni tulitega masikio kwa raha.

Ikhlas Gafur Vora anamcheza Yasmin kwa uso zaidi kuliko kwa maneno, na kwa sehemu kubwa anafaulu. Gudrun Columbus Mwanyika, Denge, ana mvuto wake, ila nilimkosa Denge wa kitabuni mwenye utani. Denge wa Shafi anaudhi, anachekesha, anaweza kumdanganya Koplo Matata mchana kweupe. Huyu wa kwenye filamu amebeba historia mabegani muda wote na hapati nafasi ya kuishusha. Kicheko ndicho kitu cha pili kilichopotea, na hicho nalalamika zaidi kuliko bibi. Riwaya inacheka na wakoloni. Filamu inawahuzunikia waliotawaliwa. Yote mawili ni kweli, ila lile la kwanza lilikuwa adimu zaidi.

Siti Amina sina neno naye. Ni mwimbaji, ndiye kiongozi wa Siti and the Band, na anamcheza Mwajuma kama mtu aliyezaliwa amesimama mlangoni mwa nyumba hiyo ya Ng'ambo. Bibi alitaka turudishe nyuma anapoimba. Tukarudisha. Akataka tena. Jirani mmoja akaanza kusindikiza kwa kiganja kwenye sahani ya ming'oko. Kama hamtazami filamu hii kwa sababu nyingine, itazameni kwa sababu ya Mwajuma, na mfikirie kwamba huenda hadithi hii tangu mwanzo ilikuwa ya wanawake wawili na chumba kimoja, sisi tukashughulishwa na kijana aliyekuwa akipita.

Filamu ilizinduliwa Toronto. Mwaka 2022 Tanzania iliipeleka kushindania Oscar, mara ya pili tu kwa nchi hii tangu Maangamizi ya mwaka 2001. Heshima kubwa, nami nilijivuna. Lakini mwenye kuuza muvi kwenye flashi sokoni kwetu nilipomtajia jina alinipa tamthilia ya Kituruki iliyotiwa sauti za Kiswahili. Simlaumu. Tangu Doudou na Mama Wakwe Zake ilipoonyeshwa TBC mwaka 2011, Mchina na Mturuki wamezoea kuongea nasi kwa lugha yetu hadi mkekani. Filamu inayotokana na riwaya ambayo maelfu ya wanafunzi wameisomea mtihani ingepaswa kufika sokoni kabla ya Mturuki, nami sioni kwa nini isifike.

Zile mbili nilizoahidi, haraka. Binti ya Seko Shamte, 2021: wanawake wanne wa Dar, Tumaini, Angel, Stella na Rose, kila mmoja na kipande chake. Mama mdogo aliipenda kuliko Vuta N'kuvute, kwa sababu "hawa nawajua". Kipande cha Rose kinanishika kwa ajili ya Godliver Gordian, ambaye anaweza kuchoka mbele ya kamera bila kuigiza uchovu. Vipande vingine vinakwisha unapotaka vianze. Na T-Junction ya 2017, ya Shivji huyo huyo: Fatima aliyefiwa na baba anakutana hospitali na Maria, na Maria anamsimulia habari za kijiweni kwao. Humo ndimo nilimwona Shivji mwenye kicheko. Ningependa yule wa T-Junction na huyu wa Vuta N'kuvute wakutane kwenye filamu moja, hata kama ni usiku kichochoroni.

Je, naipendekeza Vuta N'kuvute? Ndiyo, bila kusita, na msiitazame peke yenu kwenye simu na visikizi masikioni. Itazameni na mtu mzima aliyeolewa zamani, mumwache aongee juu yake.

Tulipozima, watoto walikuwa wamelala mkekani kila mmoja na upande wake. Bibi hakuulizia filamu nyingine. Alitaka kitabu, nianze tena mwanzo, pale Raza anapopeleka posa. Nimekitafuta Jumapili nzima. Kumbe nilimwazima binti wa jirani aliyeko kidato cha tano, na nilipokwenda kukidai alinitazama kwa macho makali kidogo: yuko Mombasa, hajafika Ng'ambo, nimpe wiki.