Sala ya Bwana Kinywani mwa Mnyonya Damu

Vijana wa usharika walipotuuliza kama Mkristo anaweza kutazama filamu ya Sinners, tuliona si vyema kujibu kabla ya kuitazama wenyewe. Tumeitazama. Ina damu nyingi na mambo yasiyofaa watoto. Lakini pia ina swali ambalo kanisa halipaswi kulikimbia.

Filamu hii ya Ryan Coogler, iliyotoka mwaka 2025, inatupeleka Mississippi, Marekani, mwaka 1932, enzi za ubaguzi wa rangi. Ndugu mapacha, wote wakiigizwa na Michael B. Jordan, wanafungua ukumbi wa muziki kwa ajili ya watu weusi. Binamu yao Sammie, mtoto wa mhubiri, anapiga gitaa. Usiku mnyonya damu aitwaye Remmick, mtu wa asili ya Ireland, anafika mlangoni akiomba akaribishwe.

Jambo la kusifiwa ni kwamba watu weusi hapa hawakuwekwa ili wafe mapema na wengine waokoke, kama ilivyozoeleka katika filamu nyingi za kutisha. Wana akili, wana dhambi, wanapendana. Wamo pia wenye duka Wachina, jamii iliyokuwapo kweli katika eneo lile lakini husahauliwa. Wachoctaw, wenyeji wa asili, wanaonekana kwa dakika chache, wanaonya, kisha wanaondoka. Hapo filamu imepungukiwa: wenye nchi wamegeuzwa wapita njia.

Remmick anaahidi undugu usiojali rangi. Lakini kila anayeumwa anaingizwa katika nia moja, na wote wanaishia kucheza wimbo wake yeye. Huo si umoja, ni kumezwa. Siku ya Pentekoste Roho hakufuta lugha za watu; kila mmoja alisikia kwa lugha yake mwenyewe.

Kinachouma zaidi ni pale Sammie anaposali Sala ya Bwana, na Remmick anaisali pamoja naye. Anasema waliopora ardhi ya baba yake ndio waliowalazimisha maneno hayo. Sisi Walutheri wa Tanzania, ambao wengi tuliletewa Injili na wamisionari Wajerumani katika siku zilezile za utawala wa Wajerumani, hatuwezi kulipuuza neno hilo. Tunajibu kwa unyenyekevu: hata Shetani aliyajua Maandiko kule nyikani, wala hayakuwa mali yake. Sala ni ya Yule aliyeifundisha. Lakini aliyeitumia kufunika wizi anapaswa kutubu.

Tunakosoa pia picha ya kanisa. Baba yake Sammie amepewa kazi moja tu, kumsihi mwanawe aliache gitaa. Ukweli ni mpana zaidi. Makanisa ya watu weusi wa Marekani yalikuwa kimbilio lao, na nyimbo za ibada zao zina undugu na muziki huo wa ukumbini. Mhubiri huyu alistahili sauti zaidi.

Hata hivyo tusijitetee haraka. Kwetu nako kuna wakati ngoma ilikatazwa, na leo tunaipiga kanisani tukimshukuru Mungu. Sammie aliingia kanisani akiwa na majeraha, mkononi kipande cha gitaa. Mtoto wetu akiingia hivyo Jumapili ijayo, tutaanza kuona nini: jeraha lake, au gitaa?