Matumaini Hayachapi Karata

Netrunner, mchezo wa karata uliobuniwa na Richard Garfield mwaka 1996, umekwisha kufa mara mbili. Ulifufuliwa mwaka 2012, ukazikwa tena mwaka 2018 idhini ya kuuchapa ilipokoma. Wapenzi wake hawakukaa wakiambiana tu kwamba mambo yatatengenea. Waliunda kikundi, ambacho leo huitwa Null Signal Games, wakabuni karata mpya, wakaziuza, na hata kuziachia bure kwa anayetaka kujichapishia. Jambo ambalo wenye mali ni nadra kulithubutu. Hapo nawavulia kofia. Linalonisumbua mimi mwalimu ni mwanafunzi mpya. Sheria zake ni ngumu, na shabiki mkongwe amezisahau ugumu wake. Mgeni hahitaji shangwe zake. Anahitaji mtu wa kukaa naye mezani jioni nzima, amfundishe.