Puto la Mishipa ya Moyo: Kazi Iko Kwenye Mkunjo

Ukisikia mshipa wa moyo uliokuwa umeziba umezibuliwa kwa puto, unaweza kudhani ugumu wote ni kulijaza. Kulijaza ni rahisi. Kazi ni kupata puto linalofika kipenyo chake na kugoma kuendelea, kisha kulikunja liwe jembamba mara tatu kuliko litakavyokuwa ndani ya mshipa, na mwisho kulitoa bila kukwaruza chochote njiani.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Thomas Fogarty, wa Marekani, alitengeneza katheta, yaani mrija mwembamba unaopitishwa ndani ya mshipa, yenye kiputo cha mpira kilichokatwa kwenye kidole cha glavu. Ilikuwa ya kuvuta damu iliyoganda na kuitoa nje ya mshipa, na kwa kazi hiyo mpira ulifaa kabisa. Kwa kuvunja utando mgumu wa mafuta na chokaa haufai hata kidogo, kwa sababu mpira hutanuka pale panapokubali. Unavimba mbele na nyuma ya kizuizi, kizuizi kinabaki palepale, na mshipa mzima ndio unaoumia. Daktari Charles Dotter, mjini Portland, Marekani, mwaka 1964 alipitia njia nyingine: katheta ngumu, nyembamba kwanza, kisha nene juu yake. Mshipa wa mguu ulifunguka. Lakini katheta ngumu haiwezi kupanua zaidi ya unene wake yenyewe, kwa hiyo ukitaka njia pana ndani, lazima utoboe tundu pana la kuingilia.

Andreas Grüntzig, daktari Mjerumani aliyefanya kazi Zurich, alitaka kitu kinachoingia chembamba, kinanenepa, kisha kinakoma. Majaribio aliyafanya jikoni kwake, pamoja na mkewe, msaidizi wake Maria Schlumpf na mume wa msaidizi huyo. Alianza kwa kufikiria kuuvika mpira wavu wa hariri ili uuzuie. Ndipo mkemia mstaafu, Profesa Heinrich Hopff, alipomwelekeza kwenye PVC. Neli nyembamba ya plastiki hiyo, ikipashwa moto sehemu moja na kusukumiwa hewa, ilivimba pale tu, ikapata umbo la soseji, na ilipopoa ikabaki na kipenyo kilekile. Kizuizi alichokuwa akikitafuta nje ya puto kilikuwa ndani ya plastiki yenyewe. Februari 1974 alilitumia kwenye mshipa wa mguu. Tarehe 16 Septemba 1977 alilipitisha kwenye mshipa wa moyo wa mgonjwa wa miaka 38 aliyekuwa macho muda wote.

PVC imekwisha kuachwa, lakini utaratibu ni uleule. Leo hutumika zaidi nailoni, jamii yake laini iitwayo Pebax, au poliesta ya PET. Viwanda vya maji ya kunywa vinaifahamu kazi hii: kichupa kifupi kinene kinapashwa moto, kinavutwa kwa urefu na kupulizwa ndani ya kalibu hadi kiwe chupa. Puto hufanywa hivyo hivyo kwa kipimo kidogo mno. Kipande cha neli huingizwa kwenye kalibu, hupashwa moto hadi plastiki ilegee bila kuyeyuka, huvutwa kutoka pande zote mbili, na naitrojeni husukumwa ndani kwa shinikizo la makumi ya atmosfia. Minyororo ya molekuli iliyokuwa imevurugika inajipanga kwa urefu na kwa mzunguko. Kalibu hupozwa upesi, na mpangilio huo unabaki.

Bila mpangilio huo puto lisingestahimili. Chukua puto la kipenyo cha milimita 3, lenye ukuta wa mikroni 20, lililojazwa kwa atmosfia 12. Zidisha shinikizo kwa kipenyo, gawanya kwa unene wa ukuta mara mbili: ukuta unavutwa kwa mzunguko kwa mkazo wa karibu megapaskali 90. Nailoni ambayo haijavutwa huanza kulegea kwenye takriban nusu ya hapo.

Mkazo wa upande wa urefu ni nusu tu ya ule wa mzunguko. Kwa hiyo puto zuri likishindwa hupasuka kwa ufa mrefu, na linatoka zima, limechanika tu. Ufa wa mzunguko ndio wa kuogopwa, kwa sababu hulikata puto vipande viwili, na cha mbele kinaweza kubaki moyoni. Ndiyo maana kila puto hukaguliwa chini ya hadubini: mkwaruzo mmoja wa kalibu, au punje moja ya plastiki isiyoyeyuka vizuri, inaweza kubadilisha mwelekeo wa ufa. Na lile shinikizo la juu linaloandikwa kwenye pakiti halikadiriwi kwa macho. Maputo hupasuliwa maabara, na takwimu lazima zionyeshe, kwa uhakika wa asilimia 95, kwamba angalau 999 kati ya 1,000 hayatapasuka kwenye shinikizo hilo.

Sasa mkunjo, ambao kwa maoni yangu ndio unaotenganisha puto bora na la kawaida. Puto letu la milimita 3 lina mzunguko wa milimita 9.4. Linatakiwa kukaa juu ya neli ya kipenyo cha milimita 0.6, ambayo mzunguko wake haufiki milimita 2. Zinabaki milimita 7.5 za ukuta zisizo na pa kwenda. Mashine hulibana puto kwa meno matatu huku hewa ikinyonywa ndani, na ukuta uliozidi unasimama kama mabawa matatu, kila moja likiwa na kimo cha zaidi kidogo ya milimita 1. Kisha taya nyingine huzunguka na kuyalaza mabawa yote upande mmoja. Puto huvikwa ala ya kubana na kupashwa moto kiasi ili mkunjo ukae. Moto ukizidi, mabawa yanagandana na ule mpangilio wa molekuli unaanza kulegea. Ukipungua, mabawa yanafumuka mara ala inapovuliwa.

Hapo pia ndipo plastiki huchaguliwa. PET ina nguvu na ukuta wake unaweza kuwa mwembamba zaidi, lakini kwenye ukingo wa mkunjo ni rahisi kutoboka. Nailoni na Pebax hukunjika kwa upole, ingawa huhitaji ukuta mnene kidogo. Idadi ya mabawa nayo si pambo: mabawa matatu au zaidi hufunguka kwa usawa kuliko mawili, jambo linaloonekana wazi puto linapobeba stenti, kineli cha wavu kinachoachwa ndani ya mshipa ili usizibe tena.

Baada ya kupanua mshipa, daktari hunyonya maji yenye dawa ya eksirei yaliyolijaza puto. Puto lililopoteza mkunjo hulala bapa, na upana wake unakuwa nusu ya mzunguko, yaani milimita 4.7, mpana kuliko hata lilipokuwa limejaa. Litapita vipi kurudi kwenye katheta ya nje ambayo tundu lake, kwa ukubwa unaotumika sana, ni takriban milimita 1.8? Lililokunjwa vizuri hurudia mabawa yake, ingawa halitakuwa tena jembamba kama lilivyotoka kiwandani. Hiyo ni sababu mojawapo ya pakiti kuandikwa kwamba ni la kutumika mara moja.

Hospitali zetu zinazotoa tiba hii, ikiwemo Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam, hutegemea maputo kutoka nje. Wanaoandika zabuni wadai mambo mawili kwa kila muuzaji: jedwali la kipenyo kwa kila shinikizo, na unene wa puto kabla ya kujazwa na baada ya kunyonywa. Bei isiyoambatana na namba hizo isipokelewe.