Sifa za Mrija Usiovuja

Fundi wa friji pale Kware, Embakasi, hana haraka. Akishachomelea paipu ya shaba hupaka povu la sabuni kwenye maungio, akainama kutazama kama kuna kipovu kitakachovimba. Kisipovimba, hupaka tena. Mteja anamhimiza ajaze gesi amalize. Yeye kwanza hunyonya hewa yote iliyobaki ndani, kwani unyevu mdogo tu utaganda njiani na kuziba mrija mwembamba. Namheshimu mtu asiyeiamini kazi yake mpaka aikague.

Siku hizi wengi hujaza tu. Gesi ikitoroka, mwenye friji huuziwa nyingine, na hakuna anayetafuta ilikotokea.

Ukaguzi kama wa fundi huyo ndio unaobeba maabara za fizikia zinazosaka mata ya giza, ile isiyoonekana. Huko Sudbury, Kanada, kilomita 2 chini ya ardhi ndani ya mgodi wa nikeli, mradi wa SuperCDMS unategemea fuwele za jerimaniamu na silikoni zinazopozwa hadi sehemu chache za mia za digrii juu ya sifuri kamili, ambayo ni nyuzi 273.15 chini ya sifuri ya kawaida. Fuwele yenye joto hutetemeka yenyewe muda wote. Ikipoa kiasi hicho hutulia, na chembe moja ikiigonga, joto la mgongano huo hutambulika na utando wa metali uliobakiza kidogo kupoteza ukinzani wake wote wa umeme.

Baridi hiyo huzalishwa kwa kuchanganya heliamu-3 na heliamu-4, wazo la mwanafizikia Heinz London la mwaka 1951, lililofanikiwa Leiden mwaka 1964. Nayo heliamu hupenya ufa ambao gesi nyingine haziuoni. Kiungo kimoja kilichofungwa kwa pupa huharibu kazi ya jopo zima, hata liwe na maprofesa wangapi.

Inaniuma kuona tunavyoichezea gesi hiyo. Uraniamu na thoriamu huizaa ndani ya miamba kwa mamilioni ya miaka. Ikishaachiwa hupanda angani na hatimaye kuihama dunia, isirudi. Mwaka 2016 watafiti wa Oxford na Durham walitangaza kuwa ipo kwa wingi kwa jirani zetu, katika bonde la Rukwa, Tanzania. Sisi Nairobi tunaijaza kwenye maputo ya sherehe, tukipiga picha, na kesho yake tunaagiza mengine.